Barua pepe moja, watu 203: kisa cha halmashauri ya Newham

Januari 2017, mfanyakazi mmoja wa halmashauri ya Newham, mashariki mwa London, alituma barua pepe kwa wapokeaji 44. Ndani yake aliambatanisha orodha ileile mara mbili. Nakala moja ilikuwa imeondolewa taarifa nyeti. Nyingine ilikuwa nzima: taarifa za watu 203, zikiwemo tarehe zao za kuzaliwa, anwani za nyumbani, genge ambalo kila mmoja alidaiwa kuhusiana nalo, na kama polisi walimhesabu kuwa mtu wa bunduki au mbeba kisu. Miongoni mwa waliopokea walikuwemo watumishi wa kitengo cha halmashauri kinachoshughulikia vijana waliovunja sheria, na taasisi za nje, mojawapo ikiwa shirika la kujitolea.

Kati ya Mei na Septemba mwaka huohuo, picha za nakala nzima zilikuwa zimeshafika mikononi mwa wanachama wa magenge hasimu kupitia Snapchat. Hakuna mdukuzi aliyevunja mtambo wowote. Ukurasa wenye jina na anwani, ukishapigwa picha kwa simu, unasambaa kwa dakika chache, na baada ya hapo hakuna ofisi yenye uwezo wa kuurudisha.

Mwaka huo Newham ilikumbwa na matukio kadhaa ya ukatili mkubwa wa magenge, na baadhi ya walioumizwa walikuwa watu waliomo kwenye orodha ile. Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza, ambayo wengi huiita kwa kifupi ICO, ilisema haiwezekani kueleza kama shambulio lolote mahususi lilitokana na kuvuja kwa orodha. Nami sitavuka mpaka huo. Ilichokithibitisha kinatosha: kwamba taarifa za aina hii zikiachwa ovyo zinaweza kuleta madhara makubwa kwa watu halisi. Aprili 2019 ikaipiga halmashauri faini ya pauni 145,000.

Kisa hiki kimeandikwa sana kama kisa cha faini. Mimi nakisoma kama kisa cha malalamiko, au tuseme wazi zaidi, cha malalamiko ambayo hayakupata nafasi ya kuandikwa. Tukizungumzia halmashauri na uvujaji wa taarifa binafsi, huwa tunauliza mlalamikaji apitie wapi, ajaze fomu gani, asubiri siku ngapi. Yote hayo yanamchukulia mtu kana kwamba tayari anajua kilichompata. Watu 203 wa Newham wangejuaje?

Orodha ilivyofika mezani

Orodha yenyewe iliitwa Gangs Matrix. Polisi wa London waliianzisha mwaka 2012, baada ya ghasia za Agosti 2011, ili kuwafuatilia watu waliodhaniwa kuwa kwenye magenge. Kila aliyeingizwa alipewa alama ya hatari: kijani, njano au nyekundu. Kufikia Oktoba 2017 walikuwemo watu 3,806, na asilimia 78 kati yao walikuwa weusi. Mtu hakuwa anaarifiwa kwamba ameingizwa.

Polisi waliigawa kwa halmashauri kwa sababu halmashauri ndiyo yenye nyumba za kupangisha, maofisa ustawi wa jamii na watu wanaofanya kazi na vijana. Sina ugomvi na hilo. Ofisa anayemtembelea kijana nyumbani anahitaji kujua kama kuna hatari, na ICO nayo ilikubali kwamba vyombo vya umma vina haja ya kweli ya kupeana taarifa katika kupambana na magenge. Swali lilikuwa kwa kiasi gani, na kwa nani. Jibu la ICO lilikuwa kali: kusambaza nakala nzima kwa watu na mashirika mengi hivyo hakukuwa na ulazima, hakukuwa kwa haki, na kulipita kiasi, ilhali nakala iliyofichwa taarifa ilikuwepo tayari. Wapokeaji wote 44 wangeweza kupelekewa ile moja tu.

Ilibainika pia kwamba halmashauri haikuwa na makubaliano, sera wala mwongozo wa kuwaeleza watumishi wake na washirika wake namna ya kuitunza orodha kama hii. Hapo ndipo lawama inapotoka kwa mtu mmoja aliyebonyeza kitufe na kuhamia kwa taasisi. Nimewahi kusikia watu wakisema kisa cha Newham ni kosa la kibinadamu. Sikubaliani. Mtumishi aliyepewa mafaili mawili yanayofanana majina, bila utaratibu wa kusema lipi linatoka nje ya jengo na lipi halitoki, siku moja atakosea, na aliye juu yake anapaswa kulijua hilo kabla halijatokea.

Miezi ya ukimya

Sasa tuingie kwenye kiini. Halmashauri haikuripoti uvujaji huu kwa ICO. Ilifanya uchunguzi wake wa ndani, lakini haikuuanza hadi Desemba 2017, muda mrefu baada ya kujua kwamba taarifa zimevuja. Orodha ilitumwa Januari. Picha zikaanza kuzunguka Mei. Uchunguzi ukaanza mwezi wa mwisho wa mwaka.

Kisheria, wakati ule halmashauri zilikuwa na pa kujificha. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1998, nayo haikuwalazimisha kwa ujumla wanaohifadhi taarifa kuripoti uvujaji. ICO ilihimiza tu. Faini ya juu kabisa ilikuwa pauni 500,000. Mambo yalibadilika tarehe 25 Mei 2018, kanuni mpya za Ulaya zilipoanza kutumika. Tangu hapo, taasisi ikishajua kuna uvujaji unaoweza kuhatarisha haki za watu, ina saa 72 kuripoti, na kama hatari ni kubwa, inapaswa kuwaarifu wenyewe walioguswa bila kuchelewa. Uingereza iliubakiza utaratibu huo hata baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya.

Lakini hata pasipo saa 72, mtu mwenye akili timamu aliyeiona orodha ile angejua la kufanya. Hebu tuitazame safu moja tu ya orodha, ile ya anwani. Anwani ya kijana wa miaka kumi na sita si yake peke yake. Ni ya mama yake, ya wadogo zake, pengine ya bibi anayefungua mlango akisikia hodi. Hawa hawakuhesabiwa kati ya wale 203. Hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na bado kila mmoja alilala nyuma ya mlango ambao hasimu alikuwa na picha ya namba yake. Familia ikiambiwa mapema inaweza kuomba kuhamishwa, kumpeleka kijana kwa shangazi yake mji mwingine, kubadilisha njia ya kwenda shule, au kuwataka polisi wapite mara kwa mara. Isipoambiwa, haiwezi kufanya lolote. Ndiyo maana sioni taarifa kwa muathirika kama adabu ya kiofisi. Ni kinga.

Halafu kuna jambo ambalo wanaotunga taratibu za malalamiko hulisahau. Novemba 2018, ICO ilipomaliza kuwachunguza polisi wa London kuhusu orodha hii, iligundua kwamba orodha haikutenganisha waziwazi waliotenda uhalifu wa magenge na waliotendewa. Kwa hiyo kijana aliyewahi kuchomwa kisu na genge angeweza kukaa kwenye orodha moja na waliomchoma. Sasa huyu alalamike kwa nani? Aende kwenye kaunta ya halmashauri aseme, "Nimesikia nimo kwenye orodha yenu ya magenge"? Kusema hivyo tu kunamweka kwenye jicho la wenye mamlaka ambao tayari wamemshuku. Akiwa mtoto wa wahamiaji ambao makaratasi yao bado yako mezani serikalini, mzazi atamwambia nyamaza. Ofisi inayosubiri lalamiko lije kwa fomu itaona sanduku tupu na kudhani mambo ni shwari.

Lalamiko linapofika, lishughulikiwe vipi

Tuseme halmashauri imepata lalamiko, hata moja. Mzazi ameona picha kwenye simu ya mwanawe, amepiga simu kuuliza mbona anwani yake imo humo. Kosa la kwanza linalofanywa na ofisi nyingi ni kuchanganya mambo mawili: tukio na lalamiko. Tukio ni uvujaji; lina daftari lake, uchunguzi wake, ripoti yake kwa ICO. Lalamiko ni la mtu, naye anataka jibu lake. Ofisi ikishaziba tundu lililovujisha hujiona imemaliza, ikafunga faili, na mzazi akabaki na barua ya mistari minne inayosema halmashauri inalichukulia suala la faragha kwa uzito mkubwa. Barua hiyo haijajibu chochote alichouliza.

Kazi ya kwanza ya Afisa Ulinzi wa Taarifa, yaani mtumishi wa taasisi anayesimamia utunzaji wa taarifa binafsi, ni kuliamini lalamiko kiasi cha kulichunguza saa ileile. Saa 72 zinahesabiwa tangu taasisi ipate kujua, na mara nyingi mlalamikaji ndiye anayeijulisha. Mpokea simu wa kaunta ambaye hajafundishwa kutambua kwamba anachosikia ni uvujaji, akamwambia mtu "tuandikie barua", anakula saa hizo. Ripoti ya kwanza kwa ICO haihitaji kuwa kamili; sheria inaruhusu kuripoti unachokijua na kuongeza mengine kadiri yanavyopatikana. Kusubiri uchunguzi uishe ndipo uripoti ni kinyume kabisa cha utaratibu.

Kazi ya pili ni kuwafuata waliopokea. Kile kitufe cha kuirudisha barua pepe hakisaidii ikishatoka nje ya mtandao wa ofisi yenyewe. Hapa hakuna njia ya mkato: unachukua orodha ya wapokeaji 44, unampigia mmoja mmoja. Umeifungua? Umeipeleka kwa nani? Uliichapisha? Iko kwenye simu yako? Nani mwingine anaingia kwenye kisanduku hicho cha barua? Kisha unataka jibu kwa maandishi kwamba nakala imefutwa. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayomwezesha ofisa kumjibu mlalamikaji kwa ukweli badala ya kubahatisha. Ikifanyika Januari, inakamata orodha ikiwa bado ndani ya ofisi chache. Ikianza Desemba, inafuata kitu kilichokwisha kusambaa.

Kazi ya tatu ndiyo jibu lenyewe. Mlalamikaji aelezwe kwa lugha anayoielewa ni taarifa zake zipi zilizotoka, lini, kwa nani, nani amethibitisha kuzifuta na nani hajathibitisha, hatari anayoikabili ni ipi kwa maoni ya ofisi, na ofisi imefanya nini kumlinda. Kama kuna jambo ambalo bado halijulikani, liandikwe hivyo na tarehe ya kumrudia. Katika kisa kama hiki, jibu lisiloshirikisha idara ya nyumba na polisi ni karatasi tu, kwa kuwa anachohitaji mtu huyu kwanza ni usalama; msamaha unaweza kufuata. Na mtaa wenye wakazi wa lugha nyingi kama Newham, barua ya Kiingereza cha kisheria haimfikii kila mtu. Mkalimani si anasa hapo.

Faini inakwenda wapi

Wengi wakisikia pauni 145,000 hudhani waathirika walilipwa. La. Faini za ICO huingia hazina ya serikali. ICO haina mamlaka ya kumlipa mlalamikaji fidia. Anayetaka fidia ya hasara au fadhaa aliyoipata anakwenda mahakamani mwenyewe, au anakubaliana na halmashauri nje ya mahakama. Hela ya faini ilitoka kwenye mfuko wa halmashauri, yaani ule unaoendesha huduma za wakazi walewale, wakiwemo walioanikwa. Hoja kwamba faini ya namna hii inawaumiza wakazi wenyewe ina uzito, nami naikubali nusu yake.

Ndiyo iliyomfanya Kamishna John Edwards, Juni 2022, atangaze mwelekeo mpya: taasisi za umma zitapigwa faini kwa makosa mabaya kupindukia tu, na kwa mengine zitapewa karipio linalotangazwa hadharani. Matokeo yake yalionekana kwa jirani wa Newham, halmashauri ya Hackney. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia kwenye mitambo yake wakafunga mafaili 440,000 yenye taarifa za wakazi na watumishi wasiopungua 280,000. ICO ilisema walitumia akaunti iliyokuwa imelala bila kufungwa, yenye nywila dhaifu iliyofanana na jina la mtumiaji. Baadhi ya huduma hazikurudi sawa hadi 2022. Julai 2024 Hackney ilipewa karipio bila faini, na halmashauri ikasema haikubaliani na ICO kwamba ilivunja wajibu wake wa usalama.

Hapo ndipo nusu yangu nyingine inapokataa. Kuiondoa faini kunahifadhi fedha za huduma, sawa, lakini kama hakuna kingine kinachowekwa mahali pake, mlalamikaji amebaki na nini? Karipio halimhamishi nyumba. Ningependa kuona fedha ambayo ingelipwa hazina ikielekezwa kwa waliodhurika: kubadilisha kufuli, kuhamisha familia, kulipia ushauri nasaha. Halmashauri inaweza kuyafanya hayo kwa hiari yake leo, hakuna sheria inayoikataza.

Newham ilikiri kosa na kuomba radhi. Orodha yenyewe haikudumu: Novemba 2022, baada ya kushtakiwa, polisi wa London walikubali kwamba walivyoiendesha hakukuwa halali, majina zaidi ya elfu moja yakaondolewa, na Februari 2024 wakaacha kuitumia kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna Gangs Matrix, ila orodha tunazo nyingi, na zinapita mikono mingi: wanufaika wa TASAF, mfuko wa Tanzania wa kusaidia kaya maskini, waombaji wa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri wakiwemo watu wenye ulemavu, wanafunzi wa basari za kaunti. Jina, namba ya simu, hali ya afya au umaskini wa kaya, vyote kwenye faili moja linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp ili "kurahisisha kazi". Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inadai uvujaji wenye hatari ya kweli uripotiwe ndani ya saa 72, na Kamishna wa Data wa nchi hiyo anapaswa kumaliza kuchunguza lalamiko ndani ya siku 90. Tofauti na ICO, ofisi ya Kamishna huyo inaweza kuamuru mlalamikaji alipwe fidia, na imeshafanya hivyo mara kadhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na malalamiko yanapelekwa kwa Tume iliyoundwa na sheria hiyo. Kwa maoni yangu, hapo kwenye fidia Kenya imewatangulia Waingereza.

Kwa Mswahili anayeishi Uingereza na anayehofu kwamba halmashauri yake imevujisha taarifa zake, njia iko hivi. Andika kwa Afisa Ulinzi wa Taarifa wa halmashauri, useme kwamba unalalamika kuhusu uvujaji wa taarifa binafsi, na katika barua hiyohiyo uombe nakala ya taarifa zote walizo nazo juu yako. Maombi hayo yanapaswa kujibiwa ndani ya mwezi mmoja isipokuwa kama ni magumu sana. Uliza tarehe waliyojua, waliopokea ni akina nani, na kama wameripoti ICO. Sheria mpya ya mwaka 2025 inazitaka taasisi ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya aina hii na kukiri kwamba zimelipokea lako ndani ya siku 30. Usiporidhika, nenda ICO. Wao hushauri ufike ndani ya miezi mitatu tangu mawasiliano yenu ya mwisho ya maana na halmashauri. Tunza kila barua na kila picha ya skrini yenye tarehe. Na kama usalama wako uko hatarini, usingoje jibu la mtu yeyote kati ya hao: piga polisi kwanza, kisha idara ya nyumba, lalamiko lifuate.